Arubaini Yangu ya Kililana

Mimba ilipotoka nililala siku mbili, na siku ya tatu nikarudi kwenye cherehani. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Rajabu. Mimi hushona nguo za watoto, hasa magauni ya wasichana, na wateja wangu wa pale mtaani Amu, kisiwani Lamu, wanajua kwamba anayetaka nguo ya Idi kutoka mkononi mwangu ni lazima alete kitambaa mapema. Vitambaa vilikuwa vimeshaanza kurundikana juu ya sanduku la chumbani. Nilikaa, nikatia uzi kwenye sindano, nikaanza kushona rinda la gauni la mtoto wa miaka miwili.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na ndoa yetu ilikuwa na miaka minane. Miaka mitano kati ya hiyo ilipita katika kutafuta mtoto. Nilikunywa kombe la aya za Qur'ani, nikakandwa tumbo na mabibi wawili tofauti, kisha tukaanza safari za Mombasa kwa daktari. Tulikuwa tukivuka kwa boti hadi Mokowe, bara, alfajiri, tukipanda basi, na tukirudi siku ya pili na mfuko wa dawa na karatasi ya masaa ya kuzimeza. Simu yangu ilikuwa ikilia mara tatu kwa siku kunikumbusha. Nilizoea kuishi hivyo, nikijihesabia siku za mwezi kama mtu anayelinda kitu kisiibiwe.

Halafu nikapata mimba. Miezi mitatu kasoro siku chache niliibeba. Siku moja ya Jumanne, baada ya adhuhuri, nilisikia maumivu ya kiuno nikiwa nimesimama jikoni, na kabla ya magharibi kila kitu kilikuwa kimekwisha. Hospitalini nilisafishwa, muuguzi akanishika mkono na kuniambia nipumzike siku chache. Sikumuuliza chache ni ngapi.

Watu walikuja kunipa pole na kila mmoja alileta maneno mema. Mmoja alisema, "Mshukuru Mungu, haikuwa imekuwa kitu." Mwingine akasema, "Sasa tumejua kuwa wewe si tasa, utashika nyingine." Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alikaa pembeni mwa kitanda akaniuliza daktari wa Mombasa anapatikana lini. Alisema tusiiache nafasi ikapoa. Nikamjibu kwamba nitampigia. Niliwajibu wote vizuri. Kwa kuwa haikuwa kitu, sikuona haki ya kulala kwa ajili yake.

Kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kujua kwa hakika, nalo ni la sala. Nilimtumia ujumbe wa sauti mwalimu wangu wa chuoni, yule mama aliyenifundisha Qur'ani nilipokuwa mdogo. Nilimwambia, "Mwalimu, mimba imenitoka, haijatimia miezi mitatu. Damu inaendelea. Nisali au nisisali?"

Alinijibu kabla ya isha. Nyuma ya sauti yake nilisikia watoto wakidurusu. Alisema, "Pole, mwanangu. Hiyo ni damu ya nifasi. Hukumu yako ni hukumu ya mzazi. Usisali mpaka ikatike, na ikikatika ukoge usali, usingoje arubaini. Mwenyezi Mungu akupoze moyo wako."

Nilisikiliza ujumbe ule mara nne. Mara ya kwanza niliusikiliza kwa ajili ya hukumu. Mara tatu zilizobaki niliusikiliza kwa ajili ya neno moja. Tangu jambo lile linipate hakuna mtu aliyekuwa ameniita mzazi.

Hata hivyo asubuhi niliamka nikakaa kwenye cherehani, na asubuhi iliyofuata vilevile. Mume wangu alikuwa akiniangalia. Yeye huendesha boti ya hoteli moja ya Ras Kitau. Huwapokea wageni wanaoshuka ndege Manda akawavusha. Ni mtu wa maneno machache nyumbani, kwa sababu kutwa nzima huongea na wageni. Aliniambia, "Lala kidogo." Nikamwambia, "Nikimaliza mkono huu." Nilipomaliza mkono ule nikaanza mwingine. Bila kuniambia, alimpigia simu shangazi yangu.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Ana shamba Kililana, bara, ambako hulima simsim, kunde na mahindi, na hugombana na nyani tangu jua kuchomoza. Alikuja Amu Jumapili, kikapu mkononi, mtandio umejaa vumbi la boda boda. Alisimama mlangoni mwa chumba akanitazama nikishona. Nikainuka kumbusu mkono.

"Sabalkheri, Shangazi."

"Mumeo aniambia huli, hulali," alisema bila kuitikia. "Hii ni siku ya ngapi?"

"Ya sita."

"Na mwalimu wako asemaje kuhusu sala?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye hukumu ya mzazi alininyoshea kidole nisiendelee.

"Basi umesikia mwenyewe. Mzazi wa siku sita yuwafanya nini hapa?"

"Shangazi, nina magauni kumi na manane ya Idi."

 Aliinama, akauvua ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani, akaukunja kama anavyokunja kamba ya mbuzi, akautia kikapuni mwake. Kisha akaketi kitandani akaomba maji ya kunywa.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba watu wananitegemea, kwamba watoto wao watavaa nini. Aliniacha niseme yote. Nilipomaliza aliniambia, "Mji huu una washonaji wangapi? Idi itafika, na watoto watavaa. Wewe nda kakusanye nguo zako."

Usiku ule sikusema na mume wangu kwa hasira ya kwenda kunisemea. Asubuhi yake alivichukua vile vitambaa vyote, kila kimoja na kipande chake cha karatasi chenye vipimo, akazunguka nyumba kwa nyumba kuvirudisha. Nilikuwa nimelala nikisikia sauti yake kwenye kichochoro, kwa jirani wa kwanza. Mama wa nyumba ile alilalamika kwamba siku zimeshakwenda, sasa atampelekea nani. Nikamsikia mume wangu akisema, "Mke wangu amefiwa. Hawezi kushona."

Amefiwa. Hakuwa ameniambia mimi neno lile. Nililisikia kupitia dirishani, akimwambia jirani. Nikageukia ukutani, na hasira yangu kwake ikaishia pale.

Nyumba ya shangazi Kililana ni ya vyumba viwili, ya mawe na udongo, na paa la mabati. Barabara ya bandari mpya ilichukua pembe moja ya shamba lake, na kutwa malori hupita kwa mbali. Alinipa chumba chenye kitanda cha kamba na dirisha linalotazama mikorosho. Siku ya kwanza alichemsha maji, akanikogesha kama maiti, kwa maana kwamba sikuruhusiwa kuinua hata mkono. Akanikanda kiuno na miguu kwa mafuta ya simsim ya shamba lake mwenyewe. Kisha akatoa kanga akaikunja ndefu, ili anifunge tumbo kama wanavyofungwa wazazi.

Nikaushika mkono wake. "Shangazi, hii si lazima. Tumbo halikuwa hata limeonekana."

"Lilibeba au halikubeba?"

"Lilibeba."

"Basi inua mikono."

Akanifunga, akakaza fundo ubavuni. Nililia kidogo, lakini kilikuwa kilio cha aibu, kama mtu aliyepewa kiti kisicho chake. Niliona kwamba tunaigiza. Mzazi hufungwa tumbo huku mtoto akilia kitandani, na watu wanaingia na kutoka kumtazama. Mimi pembeni yangu kulikuwa na mto tu na simu.

Simu yenyewe iliendelea kulia yale masaa ya dawa. Nilikuwa nimesahau kuyafuta. Siku ya pili shangazi alikuja mbio kutoka jikoni akauliza ni nani anayepiga mara kwa mara. Nilimweleza. Aliniuliza kama dawa hizo bado nazimeza. Nikasema la. "Basi mbona zaita?" aliuliza. Nikakaa nikayafuta moja baada ya jingine, na kila nililolifuta nilihisi kama nimevua kitu kizito mwilini.

Wiki ya kwanza nililala. Sijui kama nimewahi kulala hivyo tangu utotoni. Nilikuwa nikiamka kula uji wa pilipili manga au mchuzi wa kuku, nikikoga, nikikandwa, nikilala tena. Mara moja nilijaribu kumsaidia kupepeta simsim. Aliuchukua ungo mikononi mwangu bila hata kukatiza alichokuwa akisema, na alichokuwa akisema kilihusu nyani. Shangazi huongea sana. Huongea juu ya nyani, juu ya jirani aliyehamisha mpaka, juu ya bei ya mbegu, na husinzia katikati ya sentensi akaendelea pale pale anapozinduka. Sikuhitajika kujibu. Hilo lilikuwa pumziko la aina yake, kukaa na mtu ambaye hangoji niseme kwamba sijambo.

Siku ya kumi na moja damu ilikatika. Nikakoga, nikasali adhuhuri. Baada ya sala nilimwambia shangazi kwamba nafikiri sasa naweza kurudi Amu, kwa sababu mwalimu alisema nisingoje arubaini.

"Alisema usiingoje kwa sala," alinijibu. "Sala ni ya Mungu, na umeshairudia, alhamdulillahi. Arubaini ni yangu mimi. Bado siku ishirini na tisa. Na hizi nne zako za cherehani ningekuwa mkali ningekutoza."

Ilikuwa ni siku mbili tatu baada ya hapo. Tulikuwa tumekaa nje ya jikoni, yeye akimenya kunde, mimi nimeegemea ukuta na mikono yangu mitupu. Alikuwa akisimulia habari ya nyani jike aliyeiba sufuria. Akaacha ghafla, akaniuliza, "Na siku ile ulipojua kwamba yuko, ulikuwa wapi?"

Sikuelewa. "Nani?"

"Mwanao. Ulipojua ameingia. Ulikuwa wapi?"

Watu walikuwa wameniuliza ilianza saa ngapi, damu ilikuwa nyingi kiasi gani, nilibeba ndoo au sikubeba. Hakuna aliyeniuliza juu ya siku ile nyingine. Nikamwambia kwamba nilikuwa nyumbani, bafuni, asubuhi, na kile kipimo kilichora mistari miwili na mimi nikakaa chini sakafuni kwenye maji. Nikampigia mume wangu simu. Alikuwa katikati ya mkondo, kati ya Shela na Ras Kitau, na wageni wanne kwenye boti. Nilimwambia maneno mawili tu. Alizima mashine. Boti ikabaki ikielea pale na wageni wakadhani imeharibika, wakaanza kutafuta makoti ya kuokolea maisha. Akawaambia kwa Kiingereza chake kwamba mashine ni nzima, ni yeye aliyepata mtoto. Wakampigia makofi. Mzee mmoja kati yao alilia.

Shangazi alicheka mpaka kunde zikamwagika. Nami nikacheka. Na katikati ya kicheko kile kilio changu kikaja, kile chenyewe, kilichokuwa kimenikwama tangu ile Jumanne. Nililia kwa sauti, nikiwa nimeinama hadi paji la uso likagusa magoti. Shangazi hakunipigapiga mgongoni wala hakuniambia nifanye subira. Aliondoa sinia la kunde katikati yetu, akasogea, akakaa. Baada ya muda mrefu alisema, "Yatoe yote hayo matozi. Yana mwenyewe." Nilimlilia mtoto aliyefanya boti isimame majini. Baada ya siku ile sikuiona tena ile kanga tumboni kuwa ni maigizo.

Mume wangu alikuwa akija kila Ijumaa baada ya sala, na samaki aliofungiwa kwenye barafu. Ijumaa mbili za mwanzo alikaa saa moja akarudi. Ijumaa ya tatu shangazi alimpa panga, akamwambia akafyeke majani nyuma ya mikorosho. Nilimfuata baadaye na maji ya kunywa. Nilimkuta amekaa chini, panga kando yake, na majani yaliyofyekwa hayakuzidi upana wa mkeka.

Nikamuuliza, "Umechoka?"

"Jumatatu nilipokea wageni pale gatini Manda," alisema. "Mke na mume, na mtoto mchanga. Mama aliogopa kuingia botini na mtoto mkononi, akanipa mimi. Nilimshika mpaka mama alipokaa vizuri, nikamrudishia. Nikawavusha. Nikawabebea na mizigo yao." Akanywa maji kidogo. "Halafu sikuweza kurudisha boti. Nikamwambia mwenzangu nina homa."

Nikakaa karibu yake. Kwa miaka mitano yote mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyebeba mifuko. Sikuwahi kumuuliza yeye analiaje. Nilimuuliza sasa.

"Silii," alisema. "Wewe ulikuwa huna nafasi ya kulia, ningelia vipi mimi mbele yako?"

"Sasa ninayo," nikamwambia. "Hapa kazi yangu ni hiyo tu."

Alinitazama kana kwamba anahakikisha. Kisha akaweka kichwa chake pajani mwangu, mtu mzima na ndevu zake, na majani ya shamba kwenye nguo zake za Ijumaa.  Alikosa boti ya mwisho na shangazi akamtandikia mkeka sebuleni, kwa sababu mzazi, alisema, halali na mumewe kabla ya arubaini, na yeye hataki maneno. Tukacheka sote watatu. Asubuhi mume wangu aliamka akafyeka ile sehemu yote hadi kwenye mpaka, na shangazi akalalamika kwamba ameacha visiki.

Siku ya arubaini shangazi alinikogesha kwa mara ya mwisho, akanifukiza udi, akanivisha kanga mpya. Hakukuwa na maneno ya kuhitimisha wala wageni. Tulikula wali wa nazi na samaki, akanirudishia mkanda wa cherehani umefungwa kwenye gazeti, na nikarudi nyumbani na mume wangu. Shaabani ilikuwa inakwisha. Wateja wengi walikuwa wameshapata mshonaji mwingine. Nilishona magauni matatu tu Ramadhani ile, na niliyashona polepole.

Tulikubaliana kwamba mwaka ule hatutakwenda Mombasa. Daktari alipoelezwa kwa simu alisema ni sawa, mwili wangu hautapotea njia. Sasa ni mwaka wa tatu. Tulikwenda tena mara moja, mwaka jana, na haikushika. Siku niliyojua nilifunga mlango wa chumba cha kushonea, nikawaambia wateja nitarudi wiki ijayo, nikalala. Hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu naye alichukua siku mbili, na tulizipitisha ndani, tukila tulichoweza na kulia tulipotaka. Sijui kama tutakwenda tena. Siku nyingine nataka, siku nyingine natazama watoto wa mtaani wamevaa nguo nilizoshona na nafsi yangu imetulia. Zipo siku pia ambazo haitulii kabisa, na siku hizo sishoni.

Lakini sijamaliza habari ya mavyaa, na si haki nimwache na yale maneno ya kitandani tu.

Alikuja kunitembelea wiki ya kwanza niliporudi kutoka Kililana, saa tisa, kabla ya alasiri. Alikuwa amebana kifurushi chini ya buibui. Alipoketi alikitoa akaniwekea mapajani: mizizi iliyosagwa, kutoka kwa mtu wa kisiwa cha Pate aliyesifiwa sana, ya kunywa kwa maziwa siku saba. Nilikishika. Zamani ningekipokea na kushukuru, na ningekinywa.

"Mama," nikamwambia, "sitaki kukuvunja moyo. Mwaka huu sinywi kitu."

Hakukasirika. Alikitazama kile kifurushi mapajani mwangu kwa muda. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyokuwa nikiuona, na nikakumbuka kwamba mtu wa Pate hapatikani kwa kuvuka mtaa. Alikuwa amepanda boti saa nyingi, peke yake, na magoti yake yale mabovu.

"Basi mimi nifanye nini?" aliniuliza. "Niambie, mwanangu. Kila nikikaa naona lazima nifanye kitu."

Nilikuwa sijafikiria kwamba na yeye hakuwa amepumzika miaka yote ile. Nikainuka, nikatandika shuka safi upande wangu wa kitanda, nikafungua dirisha la upande wa upepo.

"Lala kidogo hapa," nikamwambia. "Mimi nitakaa nawe."

Alisema hana usingizi. Alisema atajinyosha tu mgongo mpaka adhana. Alivua buibui, akajilaza kwa upande, na kabla sijamaliza kumfunika miguu alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono wake umenishika kanga. Nilikaa pale pale nisimwamshe. Alasiri ilipoadhiniwa nilimwita kwa sauti ndogo. Aliamka akashangaa jinsi jua lilivyokwenda. Tukatawadha, tukasali, tukanywa chai, akanieleza habari za harusi ya binamu yake. Akaondoka na kifurushi chake, na habari za Mombasa hakuziuliza.